Fungate ya Kiguu na Njia: Siku Saba Grenada

Jumapili

Ofisa wa forodha alikifungua kichupa, akakinusa, akanitazama, akakinusa tena.

"Hiki nini, mpenzi?"

"Kungumanga."

"Umeitoa wapi?"

"Zanzibar."

Akamwita mwenzake wa meza ya pili. "Njoo uone! Huyu dada kaleta kungumanga Grenada!" Wakanusa wote wawili, wakashauriana kwa Kiingereza chao cha kuimba ambacho masikio yangu yalikuwa bado hayajakizoea, kisha akakifunga akanirudishia. "Nzuri. Lakini yetu kali zaidi." Nyuma yangu mume wangu alikuwa anasoma tangazo ukutani, anajifanya hanijui.

Kichupa hicho nilipewa na Bi Somo, kungwi wangu, mwezi wa Agosti, siku ya kuingia ndani, pamoja na maelekezo ambayo sitayaandika hapa. Wanawake wa Pwani mnajua kungumanga hutiwa kwenye uji wa nani na kwa sababu gani. Wanaume waulizeni wake zenu. Basi fungate yetu ikavunjika siku ya tatu. Likizo ya mwenzangu imekwisha, ndege ya kurudi Toronto haingoji mtu, na Bi Somo alilia kuliko mama yangu mzazi. Fungate ni siku saba: mlango umefungwa, mwali hatoki, sinia linakuja limefunikwa kawa, na asiyehusika hapiti hata ukumbini. Sisi tuliondoka tukiwa tunadaiwa siku nne.

Kwa hiyo Februari hii, Toronto theluji imefika magotini na Ramadhani inakaribia, tukasema tuanze upya, siku saba kamili, mahali penye jua. Bi Somo aliposikia akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Kwa ufupi: "Fungate gani ya kupanda ndege? Mwali na kiguu na njia?"

Grenada aliichagua mume wangu. Yeye Mpemba wa Wete, na kilichomvuta ni bendera. Nyekundu, manjano na kijani, na upande wa mlingoti, ndani ya pembetatu ya kijani, tunda la kungumanga limepasuka linaonesha utandu wake mwekundu. "Sisi tunajiita visiwa vya karafuu," alisema, "na bendera haina hata konyo moja." Nikamwambia bendera si menyu. Lakini tiketi zilikuwa zimeshanunuliwa, saa tano na nusu hewani bila kuunganisha, nami sikuwa na mahali pengine pa kupendekeza.

Nchi yenyewe, ukijumlisha na visiwa vyake vidogo vya Carriacou na Petite Martinique, ina kilomita za mraba 344. Pemba peke yake ni karibu mara tatu yake. Mpemba wangu alilirudia hilo kwa dereva wa teksi, kwa mwenye nyumba, na kwa kijana aliyetubebea mizigo.

Nyumba tuliyopanga iko juu ya kilima, nyuma ya ufukwe wa Grand Anse. Mwenye nyumba ni mama wa miaka sabini na kitu ambaye jirani wote wanamwita Tanty, nasi tukamwita hivyo hivyo. Njia nzima kutoka uwanjani kingo za barabara, matairi ya zamani, mawe na nguzo za umeme vimepakwa rangi tatu za bendera, maana uhuru wao ni wa tarehe 7 Februari 1974 na wiki hii ndiyo yenyewe. Usiku vyura wadogo wakaanza kupiga mluzi. Nilidhani kengele ya gari la mtu imeharibika.

Jumatatu

Tulilala mpaka adhuhuri ikatukuta. Fungate, si ndiyo?

Alasiri tukashuka barabarani kungoja basi la namba 1 kwenda mjini St. George's. Basi ni daladala, ile ya kibasi kidogo, yenye konda wake na muziki wake wa kutikisa mbavu. Tofauti ni mbili. Kwanza, anayeingia husalimia, na basi zima huitikia. Mwanamke mmoja alipanda kanuna, akakaa kimya, na bibi aliyekuwa mbele akageuka akamsalimia yeye, kwa sauti ya kumkumbusha. Miaka sita ya Toronto nimepanda mabasi kama jeneza. Hapa nilitamka salamu mpaka nikaona haya kwa kuifurahia. Pili, ukitaka kushuka hupigi kelele, unagonga bati kwa vifundo vya vidole, ko-ko. Mume wangu aligonga kabla ya kituo mara mbili ili asikie tu gari linavyotii. Konda akamwambia kwa adabu aache.

Mji umepandana juu ya vilima, mapaa mekundu, na katikati bandari ya mviringo kama kwato ya farasi wanayoiita Carenage. Kutoka upande wa pili unapita ndani ya kilima kwa njia ya chini, Sendall Tunnel, iliyochimbwa mwaka 1894, nyembamba hata gari na mtu wanagawana nafasi kwa kuaminiana. Tulipita tumebana matumbo ukutani.

Ukingoni mwa Carenage kuna sanamu ya Masihi aliyeinua mikono, na kibao. Oktoba 1961 meli kubwa ya abiria, Bianca C, ilishika moto hapo nje ya bandari, na watu kama mia saba ndani yake. Wenyeji waliingia baharini na kila chombo kilichoweza kuelea, wakawatoa karibu wote, wakawachukua majumbani mwao wakawapa nguo na chakula. Wenye meli baadaye ndio waliotoa sanamu hiyo kuwa shukrani.

Mume wangu alisoma kibao mara mbili. Halafu akaenda akakaa juu ya gogo la kufungia kamba za boti, kimya. Sikumfuata. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, kati ya Unguja na Pemba, ilizama ile meli, MV Spice Islander, ambayo hata jina lake lilikuwa na neno hilohilo la viungo, "spice", wanalojiita Grenada. Hakuna nyumba Wete isiyo na mtu wake. Yeye ana binamu wawili. Aliporudi alisema, "Hawa walikuwa karibu na nchi kavu, na ilikuwa mchana," kana kwamba kuna mtu alikuwa amemuuliza.

Juu ya bandari iko Fort George, ngome iliyojengwa na Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 18. Tuliitazama kutoka chini. Huko ndiko alikouawa Maurice Bishop, yule ambaye uwanja wa ndege umepewa jina lake. Alichukua nchi kwa mapinduzi ya tarehe 13 Machi 1979. Tarehe 19 Oktoba 1983 wenzake wa chama chake mwenyewe wakampiga risasi pamoja na baadhi ya mawaziri wake, na siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakashuka. Mwili wake haujapatikana hadi leo. Mzee aliyetusimulia haya ndani ya basi la kurudi alianza kwa sauti ya kawaida, akamaliza kwa kunong'ona, na hakuna aliyekuwa anatusikiliza. Nilimwelewa. Mimi mtoto wa Unguja. Nimekulia katika nyumba ambamo mwaka 1964 husemwa mlango ukiwa umerudishwa.

Jumanne

Nitakiri jambo ambalo huwashangaza Wakanada: nimezaliwa kisiwani na sijui kuogelea. Sisi wasichana wa Ng'ambo bahari tuliiona kutoka Forodhani, tumevaa sare ya madrasa, tunakula urojo. Wavulana ndio waliojirusha. Mume wangu, mtoto wa mvuvi, anaogelea kama aliyezaliwa ndani ya dema.

Alinikatia nafasi kwenye boti ya kwenda Molinere, kaskazini kidogo ya mji, kuona masanamu ya chini ya maji yaliyowekwa mwaka 2006 na mchongaji Jason deCaires Taylor. Nikavaa vazi langu la kuogelea la kunifunika mpaka vidoleni, nikavaa jaketi la kuelea juu yake, na miwani inayobana pua. Nilijiona mfano wa gunia la mbata. Hakuna aliyenitazama mara mbili. Nahodha aliuliza tu kama najua kupumua kwa mdomo.

Nikateremka ngazi, nikashika kwa mikono miwili boya lililofungwa kamba, Mpemba akashika ile kamba, nikaingiza uso majini.

Kwa muda nilisikia pumzi yangu tu. Halafu, mita chache chini, nikawaona watoto. Wamesimama kwa duara, wameshikana mikono, nyuso zimetazama nje. Matumbawe yameota kwenye mashavu, mmoja ana kama ndevu za mwani, na samaki wa njano mdogo kama kidole alikuwa anaingia na kutoka kwenye kwapa la mtoto wa kike. Wengine husema ni ukumbusho wa Waafrika waliotupwa baharini kutoka kwenye meli za watumwa. Nahodha alituambia umbo lilichukuliwa kwa watoto wa hapahapa kisiwani. Nilikumbuka yale masanamu ya Mkunazini, mbele ya kanisa, wanaume na wanawake wamesimama shimoni na mnyororo shingoni. Pale huwa unawainamia kwa miguu yako iliyo nchi kavu. Hapa nilikuwa nimening'inia juu yao, na mimi ndiye niliyeshikwa kwa kamba.

Nilikaa majini dakika ishirini. Nilipotoka vidole vyangu havikunjuki, na Mpemba anawaambia wazungu wa boti nzima kwamba mkewe ameogelea. Sikuogelea. Nilielea. Lakini sikumkosoa.

Jumatano

Basi la namba 6 linakata kisiwa katikati, linapanda milima kwa kona ambazo dereva alizichukua kama anafukuzwa na deni. Huko juu, zaidi ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, kuna Grand Etang, ziwa lililokaa ndani ya kinywa cha volkeno iliyolala. Ukungu ulikuwa umelifunika, tukaona maji kwa vipande. Tuliambiwa tutawaona kima wa mona, ambao mababu zao waliletwa kutoka Afrika Magharibi wakati wa biashara ya watumwa. Tulimngoja kima nusu saa na ndizi mkononi. Ndizi akaila mume wangu.

Kutoka hapo tukachukua njia ya maporomoko ya Seven Sisters. Mlangoni unapewa fimbo ya mwanzi. Njia inapita kwenye mashamba ya migomba na mikungumanga, na tope lake jekundu linanyonya kiatu. Mvua ikaanza. Kiongozi wetu akauliza kama tunataka kurudi.

"Mpemba hakimbii mvua ndogo," akasema mume wangu, nikatafsiri.

Kiongozi akacheka. Dakika kumi baadaye, kwenye ngazi za udongo, Mpemba asiyekimbia mvua aliteleza, fimbo ikaenda upande wake, mguu upande wake, akakaa chini kwa kishindo. Kifundo cha mguu wa kushoto kikaanza kuvimba tukikiangalia. Maporomoko tuliyasikia kwa mbali. Sikuyaona, na kila mtu aliyewahi kufika Grenada ananiambia ndiyo sehemu nzuri kuliko zote.

Kumpandisha kule juu, mkono mmoja kwenye bega langu na mwingine kwenye bega la kiongozi, ilituchukua saa nzima. Hakulalamika. Alisema tu, mara moja, "Usimwambie mama." Nilimwuliza mama yupi. "Wote."

Tanty alitungoja kibarazani, na habari alikuwa nazo tayari, maana konda wa basi ni mtoto wa mpwa wake. Kisiwa kidogo ni kisiwa kidogo. Akaleta chupa ya dawa ya kupulizia, inayotengenezwa hapa kwa mafuta ya kungumanga, akampulizia mguu mpaka chumba kizima kikanuka kama jiko la siku ya Idi.

Alhamisi

Leo hatukutoka.

Saa mbili asubuhi mlango uligongwa, ko-ko, kama basi. Tanty amesimama na sinia, na juu ya sinia kitambaa cheupe kilichofumwa pembeni. Chini yake vikombe viwili vya kile wanachokiita chai ya kakao: kakao iliyosagwa ikafinyangwa madonge, ikachemshwa na maziwa, mdalasini, jani la bay na kungumanga iliyokunwa papo hapo, mafuta ya kakao yanaelea juu kama dhahabu. Mkate wa kukaanga. Mayai. "Mkae ndani," akasema. "Msinyanyuke. Nitaleta cha mchana."

Akarudisha mlango, nasi tukatazamana.

Pazia limefungwa. Bwana amejinyoosha kitandani, bibi yuko pembeni. Chakula kimeletwa kimefunikwa na mama mtu mzima ambaye ametukataza kutoka. Nikapiga picha ya lile sinia, nikamtumia Bi Somo bila kuandika neno. Akajibu kwa sekunde tatu, ujumbe wa sauti, kigelegele tupu.

Habari ya mguu sikumwambia.

Mchana Tanty alileta supu ya samaki, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, si ndani wala si nje, akazungumza. Mwaka 2004, tarehe 7 Septemba, kimbunga Ivan kilipita juu ya nyumba hii. Walijifungia chooni watu saba. Paa liliondoka lote kwa pamoja, akasema, halikubanduka bati kwa bati, liliinuliwa kama kifuniko cha sufuria. Walikufa watu 39 nchini. Marehemu mumewe alikuwa na mikungumanga mia na kitu upande wa Gouyave, urithi wa baba yake. Asubuhi ilikuwa imelala yote, upande mmoja, kama iliyochanwa kwa kitana. Mkungumanga haukupi tunda la maana kabla ya miaka saba hivi, na mumewe alikuwa na umri wa miaka 66. Hakupanda tena. Alipanda ndizi.

Na juzijuzi, tarehe 1 Julai 2024, kimbunga Beryl kikaikanyaga Carriacou, kwa dada yake. Akafungua simu akatuonesha nyumba ambayo sikujua ni nyumba mpaka aliponionesha ngazi.

Mume wangu akamwambia kwamba na kwetu kilipiga kimbunga mwaka 1872, kikalaza mikarafuu na minazi ya Unguja, Pemba ikapona kwa sehemu kubwa. Tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Alisema hili kwa huzuni inayostahili, lakini namjua: hajawahi kuisimulia habari hiyo bila kunitupia jicho. Tanty alilinasa lile jicho. "Yeye wa upande ulioanguka?" akauliza akinielekeza kidole. Mpemba akaitikia kwa kichwa. Tanty akacheka mpaka akashika mlango.

Ijumaa

Mume wangu akasali kwa kukaa, akapulizwa mguu, akasema tunakwenda Gouyave, atake asitake mtu. Basi la namba 5, pwani ya magharibi, bahari kushoto na ukuta wa majani kulia.

Gouyave ni mji wa wavuvi, na katikati yake kuna kituo cha kutayarisha kungumanga, jengo la mbao la ghorofa ambalo harufu yake inakufikia kabla hujashuka kwenye basi. Wakulima huleta mavuno yao huko, na mnunuzi ni ushirika wao wenyewe, ulioanzishwa mwaka 1947: mtu hulipwa kwanza malipo ya awali kwa uzito, kisha ziada baadaye, bei ikiwa nzuri. Mpemba aliyahoji mambo hayo kama mkaguzi wa hesabu. Kwao karafuu huuzwa kwa shirika la serikali, na anayejaribu kuivusha kimagendo kwa ngalawa usiku hujua kinachomngoja. Sikumwuliza anayajuaje ya ngalawa.

Nilidhani kungumanga naijua. Nimeikuna maisha yangu yote kwenye vileja na kwenye uji. Lakini ile ya dukani ni moyo wa moyo. Tunda lenyewe ni kama pera la njano, linapasuka lenyewe likiiva. Nyama yake hapa wanatengeneza jamu na sharubati. Ndani kuna kokwa nyeusi inayong'aa, imevikwa utandu mwekundu kama iliyofumwa kwa uzi, ndiyo basibasi. Utandu unabanduliwa kwa mkono, unawekwa kwenye makasha miezi kadhaa mpaka wekundu unafifia na kuwa rangi ya machungwa. Kokwa zinaanikwa kwenye meza za mbao ghorofani, zinapinduliwa kila siku kwa wiki sita hadi nane, mpaka ukiitikisa moja sikioni unasikia mbegu inagonga ndani. Ndipo zinavunjwa. Mbegu zinatiwa majini: inayozama ni nzito, ina mafuta, inakwenda daraja la kwanza, inayoelea inatengwa. Magamba hayatupwi, yanamwagwa njiani bustanini. Nje ya kituo tuliyakanyaga, yanalia kracha-kracha chini ya kiatu.

Kwenye ukumbi wa kuchambua, karibu na dirisha, alikaa mama mmoja wa makamo. Mbele yake rundo, kushoto kikapu, kulia kikapu. Hakuangalia anachofanya. Alikuwa anazungumza na mwenzake habari ya bei ya mafuta ya kula, na mikono ilikuwa inakwenda peke yake: dole gumba linaigeuza, kidole cha pili kinaipima, kushoto, kulia, kulia, kushoto. Moja ilikuwa na tundu dogo la mdudu, dogo kuliko ncha ya sindano. Kidole chake kiliiona kabla ya jicho langu.

Mume wangu aliegemea fimbo yake ya mwanzi, hakuondoka pale. Wakwe zangu walimlea kwa karafuu: watoto wote na mama yao jamvini baada ya isha, taa katikati, wanakonyoa, karafuu huku, makonyo kule, wakilipwa kwa pishi. Alimwomba yule mama ruhusa, akakaa kitako, akachukua gao moja, akachambua. Yule mama alimtazama kidogo, akaingiza mkono kwenye kikapu chake cha kulia, akatoa nne alizoziweka vibaya, akamrudishia bila kukatiza mazungumzo.

Jioni tukabaki, maana Ijumaa ya Gouyave ni ya samaki. Vichochoro viwili vinafungwa, mameza yanatoka nje, kila mtu na jiko lake: kamba koche, jodari wa kuchoma, samaki wa kukaanga, keki za samaki. Nitasema jambo na watu wa Mji Mkongwe wanisamehe: huu ndio Forodhani ulivyopaswa kubaki. Hakuna aliyenivuta mkono, hakuna aliyeniambia bei ya mgeni, na pweza haikuwa imepashwa moto tangu jana. Niliona familia zenyewe za Gouyave zinapanga foleni kununua. Forodhani siku hizi mara ya mwisho uliona lini bibi wa Vuga anapanga foleni?

Tulikula jodari kwa mikono, tumekaa kwenye ukingo wa mfereji, mguu wa bwana umewekwa juu ya kreti ya soda.

Jumamosi

Siku ya uhuru. Tangu alfajiri honi, filimbi, watoto wamevaa rangi tatu mpaka kwenye nywele. Ndege yetu ni ya alasiri.

Siku hii kila uwanja unapika oil down, chakula cha taifa, kwenye sufuria kubwa juu ya moto nje. Kwa kawaida ndani hutiwa mkia wa nguruwe uliokaushwa kwa chumvi, na kwa siku sita nilikuwa nafikiria nitakataaje bila kumvunjia Tanty heshima. Nilipofungua mlango nikaona mafiga mawili yamewashwa. Sufuria kubwa ya ukoo na, pembeni, sufuria ndogo mpya, ina hata karatasi ya bei bado. "Hiyo ya kwenu," akasema. "Samaki wa chumvi tu. Mwiko wake mbali."

Nikashika mwiko. Shelisheli limekatwa mapande. Manjano, ambayo wao huiita zafarani. Majani ya majimbi, pilipili mzima isiyopasuliwa, thaimu. Na tui, tui zito la kwanza, linachemka mpaka linakauka na kuacha mafuta yake chini, ndiyo maana ya jina. Mpemba alionja, akanyamaza, akaonja tena. "Mama hutia chumvi kidogo zaidi," akasema, kisha akamaliza sahani mbili na ukoko.

Wakati wa kuaga nilitoa kile kichupa cha Bi Somo, nikampa Tanty. Akakinusa kama yule ofisa wa forodha. Nikamweleza, kwa kunong'ona, kinatiwa kwenye uji wa nani na kwa sababu gani. Alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akaingia ndani, akarudi na mfuko wa kungumanga wa kilo nzima, zikiwa na magamba yake, pamoja na chupa tatu za ile dawa ya mguu, akaifumbata mikono yangu juu yake.

"Sisi hutia kwenye ponchi ya ramu," akasema. "Tumepoteza miaka mingi sana."

Ndani ya ndege, kabla hatujaondoka ardhini, mume wangu alivua soksi akajipulizia kifundo, mara nne, kwa ukarimu. Abiria wa kiti cha nyuma akainuka, akachungulia juu ya vichwa vyetu, akauliza kama ni sisi tuliobeba keki.